Waya Nilioukaza Malaba

Mwenzangu alikuwa mtu wa Angurai, amenizidi miaka kumi hivi, na kwa muda mrefu tulikuwa tukifunga mitambo ya intaneti katika ofisi za Malaba. Ni yeye aliyenifundisha kwamba waya wa umeme haulazwi pamoja na waya za mtandao, na kwamba kifungo cha plastiki hakikazwi mpaka waya ukabonyea.

Siku hiyo tulikuwa katika ofisi ya wakala wa mizigo. Malori yalikuwa kwenye foleni nje, karatasi zao haziendi bila mtandao, na meneja amenisimamia mgongoni. Nikakusanya waya zote nyuma ya kabati la chuma, nikazifunga fungu moja kwenye ukingo wa rafu, nikakaza.

Mwenzangu akachungulia. "Huo wa umeme utakatwa na hiyo chuma. Utoe."

"Nitautoa tukirudi, boss."

Tulirudi baada ya wiki tatu, mtandao ulipoanza kukatika-katika. Nilikuwa bado natoa vifaa kwenye mkoba alipoingiza mkono nyuma ya kabati. Hakupiga kelele. Nilisikia tu viatu vyake vikigonga sakafu haraka haraka, nikageuka, nikamwona ameng'ang'ania chuma. Nikakimbilia swichi kubwa ya mlangoni. Nilipozima, akaanguka. Nilimkandamiza kifua mpaka mikono ikafa ganzi. Hospitalini Busia, daktari alimgusa shingo, akavua glavu.

Ukingo wa rafu ulikuwa umekula ngozi ya waya palepale nilipokaza. Ofisi ikaandika kwamba ni ajali. Hakuna aliyeuliza nani alifunga.

Siku ya tatu nilikwenda kwake. Mkewe alikuwa ameketi kwenye mkeka kando ya nyumba, peke yake.

"Mama, huo waya niliufunga mimi. Aliniambia niutoe."

"Alikuambia?"

"Ndiyo."

"Na wewe uliona ni hatari?"

"Niliona. Nilikuwa na haraka."

Akavuta leso, akafunika miguu. "Nenda kabla vijana wangu hawajarudi," akasema. "Na siku ya mazishi usishike jeneza."

Sikulishika. Mafundi wenzetu waliniita mara mbili nikabebe pamoja nao, nikatikisa kichwa. Mmoja akanishika bega, akaniambia anaelewa, huzuni imenizidi.