Shemeji alitibiwa taifodi mara mbili, kumbe ni sonona: kosa lilikuwa kwenye swali letu

Wakuu, heshima kwenu. Haya nimeyashuhudia mwenyewe, na mhusika ameniruhusu kuyaandika.

Mimi ni fundi pampu hapa Iringa. Shule niliishia darasa la saba, mengine nimejisomea.

Mdogo wa mke wangu, nimwite Shemeji, analima mpunga Ubaruku, mkoani Mbeya. Mpunga ukianza kukomaa kazi ni kuamia, yaani kushinda shambani ukifukuza ndege. Shemeji alikuwa bingwa. Aliwatukana ndege mpaka majirani wanasogea kusikiliza.

Msimu uliopita mke wake akanipigia:

"Kaka, huyu mtu anakaa kwenye tuta anawaangalia ndege wanakula. Hasemi kitu. Na jana kasema akilala tusimwamshe."

Mpunga ungeweza kulimwa tena. Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo iliyonipandisha basi.

Nikamkuta amekonda. Kichwa kinauma, usingizi unakatika, chakula hakipiti. Alishapimwa, taifodi. Akamaliza dawa, akapimwa tena, taifodi. (Wakuu, huku kwetu hata ukiachwa na mchumba utaambiwa ni taifodi.)

"Shemeji, una mawazo?"

"Sina."

Wazazi walishamuuliza hivyo, mchungaji pia, jibu likawa hilo hilo. Basi suala la akili tukalifuta. Jirani mmoja akasema ni uvivu, mwingine akamtaja mganga wa Chunya.

Nikampeleka hospitali Mbeya. Vipimo havikuonyesha kitu, tukaelekezwa kwa daktari wa afya ya akili, mama mmoja mcheshi, naye akauliza tofauti:

"Baba, kitu gani ulikuwa unakifurahia na sasa hukitaki?"

"Vyote."

"Mbona shemeji yako ananiambia nyumbani unasema huna mawazo?"

"Dokta, mawazo ni ada, madeni, mke kutoroka. Mimi sina hayo. Ndani kumekauka tu, kama jaruba la mpunga wakati wa kiangazi."

"Unatamani kufa?"

Nikataka kumkatiza daktari, nikidhani anamfundisha. Shemeji akajibu taratibu: "Kila nikiamka."

Mama yule akanigeukia. "Kumuuliza hakumpi wazo, baba. Kunampa pa kuutua mzigo."

Ilikuwa sonona, ugonjwa wa akili unaomkausha mtu furaha. Akapewa dawa na siku za kurudi kwa mazungumzo. Sisi tukaambiwa tusimwache peke yake, na viuatilifu vya shamba vitoke nyumbani. Vikatoka siku ile ile.

Tangu hapo nimesoma sana. Chanzo huwa mchanganyiko: kurithi, msiba, maradhi ya muda mrefu, pombe. Wakati mwingine huoni hata kimoja. Furaha ikipotea, usingizi na hamu ya kula vikivurugika, mtu akajiona hafai, na hali ikakaa wiki mbili au zaidi, mpeleke hospitali. Akizungumzia kufa, usisubiri hata kesho.

Wengine wana wasiwasi uliopitiliza, moyo unaenda mbio, wanadhani ni presha. Ni wengi kuliko tunavyodhani, na wengi wanazunguka na majibu ya maabara mfukoni.

Somo nililopata: "sina mawazo" si sawa na "niko salama". Muulize mtu kilichopotea.

Kwenu mnaulizaje? Kwa Kihehe, Kisangu, Kinyakyusa, swali gani linamfungua mtu mdomo? Tushirikishane.

Na kwa mtakaouliza hali yake, ujumbe wake ni huu: "Usiwaambie nimepona kabisa, watakuona mwongo. Waambie jana nimelalamika mboga imezidi chumvi, mke wangu akafurahi mpaka akalia."