Pini Zisizo na Maandishi

Prisca hakupenda kuharakishwa. Alizaliwa Mgeta, kwa wakulima wa kabichi, akajifunza ufundi wa redio kwa mjomba wake, na sasa alikuwa na kibanda chake cha kutengeneza kompyuta Kihonda. Wateja walimlalamikia kuwa ni mzito mno, lakini hawakumhama.

Alhamisi moja asubuhi aliitwa na Hidaya, mdarizi wa kanzu na mavazi ya kanisa. Mashine ya Hidaya iliongozwa na kompyuta ya kizamani, na kadi iliyoiunganisha na mashine haikuingia kwenye kompyuta za siku hizi. Ubao mkuu ulikuwa umekufa kazi ikiwa katikati. Kasula nyeupe ilikuwa bado imebanwa kwenye mashine, msalaba wake umedariziwa nusu. Shemasi Frank alipaswa kuivaa Jumamosi, siku ya upadrisho wake kijijini mlimani. Mama yake, Magreth, alikaa pembeni na rozari mkononi.

Prisca alikuja na ubao wa rika lilelile, alioupata kwenye vyuma chakavu. Ila kando ya tundu la prosesa kulikuwa na safu tatu za pini, na hapakuwa na herufi hata moja ya kueleza kazi yake. Kijifuniko cha jampa kikiunganisha pini hizi, prosesa hupata volti tatu na ushee. Kikiunganisha zile, hupata tano. Prosesa ya Hidaya ingeungua kwa tano, na nyingine haikuwepo mjini.

"Si ujaribu tu, mdogo wangu?" Hidaya alisema. "Huenda ikakubali."

"Tukikosea mara moja, dada, ndiyo imetoka."

Akaiacha prosesa ndani ya kisahani, akawasha ubao mtupu na kushika mita. Ncha yake ikiteleza na kugusa pini mbili kwa pamoja, ubao nao ungekwenda. Mara umeme ukayumba, taa ikafifia. Prisca akarudisha mkono nyuma, akangoja utulie.

Safu ya kwanza haikubadilisha kitu. Akazima, akahamisha jampa safu ya pili, akawasha. Tano. Akazima tena, akaisogeza pini moja. Tatu nukta nne.

"Ndiyo hiyo?"

"Subiri, dada." Akapima tena. Tatu nukta nne.

Akaipachika prosesa, akawasha. Kioo kikabaki cheusi.

"Umeiua!" Hidaya akasema.

Prisca alinusa, hapakuwa na harufu ya kuungua. Akagusa prosesa kwa kidole: vuguvugu tu. Kile kioo cha zamani kilikuwa bado kinapata moto. Polepole herufi za kijani zikajitokeza, na Magreth akapiga ishara ya msalaba.

Mashine ikaanza kudarizi, lakini kwa kusuasua, ikisimama kila baada ya mistari michache.

"Safu ya tatu labda ni ya mwendo," Hidaya akasema. "Ihamishe basi!"

"Siijui ile safu, dada. Sitaigusa."

"Kesho kutwa ni Jumamosi, Prisca!"

Magreth akaweka rozari mapajani. "Iache itambae, mwanangu. Nimemngoja huyu mtoto amalize seminari miaka yote ile. Nitashindwa kungoja mashine?"

Hidaya akanuna, akavuta kigoda akakaa. Ijumaa alasiri akakata uzi wa mwisho. Magreth akaikunja kasula kwenye khanga, akaondoka nayo kwenda mlimani.