Mizani ya Kahawa

Kuna wakati niliamini, nikiwa na akili zangu timamu, kwamba watoto wa shule yetu ya Mji wa Kale walikuwa wakipimwa uzito ili wapakiwe melini. Tena sikuamini nusunusu. Niliamini kama ninavyoamini kwamba maji ya bahari yana chumvi. Meli yenyewe, ilisemekana, ilikuwa imetia nanga Kilindini, nyeupe pe, haina jina ubavuni, na nahodha wake alikuwa akingoja watoto watimie tani fulani ndipo ang'oe nanga. Wakondefu wangerudishwa kwa mama zao. Wanene ndio waliokuwa na soko.

Usinicheke mapema. Nilikuwa karani wa mizigo bandarini, na katika umri wangu wote sikuwahi kuona kitu kikipimwa Kilindini kisha kikabaki nchi kavu. Kahawa hupimwa, ikapakiwa. Chai hupimwa, ikapakiwa. Sasa asubuhi moja, mwanzoni mwa miaka ya tisini, mkokoteni ukaingia uwanja wa shule na mizani ya chuma, ile ya kupandia, iliyoazimwa kutoka ghala moja la Mbaraki kwa sababu zahanati ilikuwa na mizani ya watoto wachanga tu. Ilinuka kahawa mbichi hadi barabarani. Watoto wakaambiwa kwamba wiki inayofuata watapangwa foleni, wavulana chumba hiki, wasichana chumba kile, wavue sare wabaki na nguo za ndani, wapande mmoja mmoja.

Jioni mke wangu alinipokea hata viatu sijavua.

"Mama asema mtoto asende shule siku ya mizani."

"Kwa nini?"

"Kuna meli."

Mama ni mama yake, mkwe wangu, tuliyekuwa tukiishi naye. Kwa adabu za kwetu, mume na mama mkwe wake hawakai wakapiga soga. Yeye alikaa nyuma ya pazia la chumba chake, mimi upande wangu, na maneno yakipita kwa mke wangu kama mizigo ipitavyo forodhani. Miaka yote ile, ukiondoa salamu, sidhani kama tulisemezana maneno ya kujaza kikombe cha kahawa. Basi pazia lilipotoa habari ya meli, nani mimi nibishane na pazia? Binti yetu, aliyekuwa darasa la pili, siku ya mizani alibaki nyumbani.

Mwalimu mkuu, mama wa bara aliyeletwa pwani kwa uhamisho akapapenda, aliwaita wazazi wa watoto waliokosekana. Tulijaa darasani mpaka madirishani, maana waliokosekana walikuwa karibu shule nzima. Nikasimama. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne kwa masomo ya usiku, nikisoma baada ya zamu huku nasinzia, na tangu nishike cheti changu nilikuwa siwezi kunyamaza penye watu. Nikauliza kwa sauti ya kufika Likoni:

"Meli hiyo imefungwa gati namba ngapi? Maana mimi ni wa bandarini, na sijaiona!"

Nesi wa zahanati, mama wa Kigiriama, alicheka mpaka akavua miwani.

"Baba," akasema, "ningekuwa na meli, ningekuwa kila asubuhi nasukumana kwenye feri?"

Darasa zima likaangua kicheko, nami nikakaa. Lakini mkutano ulipokwisha nesi alinivuta kando, na pale hakucheka. Alikuwa amemwona binti yangu siku alipokuja kukagua madarasa. Kope zake kwa ndani ni nyeupe, akasema. Analala juu ya daftari kabla ya mapumziko. Na mwalimu wake amemkamata akibandua chokaa ya ukuta na kuila.

"Huyo hana damu, baba. Minyoo inamnywa. Dawa ninayo, lakini ya kuongeza damu hutolewa kwa uzito wa mtoto. Nikikisia nitamdhuru. Sharti apande mizani."

Kisha akanieleza mpango wake wote, na ulikuwa mpango kweli. Vidonge peke yake ni kazi bure, akasema, kama choo cha shule hakina maji. Choo chenye maji ni kazi bure kama chuoni, wanakosoma Kurani alasiri, mtoto huyohuyo anakaa miguu mitupu na hakuna sabuni. Na vyote ni kazi bure kama mama nyumbani hajui kinachofanyika. Shule, zahanati, misikiti, makanisa, wazazi: wote wavute kamba moja. Alikuwa akija kila muhula. Muhula ujao atajaribu tena, na ule wa baada yake ndio wa mwisho. Wasipokuja watoto wa kutosha, wakubwa wake watauhamishia mpango shule nyingine ng'ambo ya kivuko, ambako wazazi wanauomba.

"Wewe una mdomo," akamaliza. "Nisaidie."

Hivyo ndivyo nilivyoingizwa kwenye kamati, mimi niliyekuwa natafuta gati ya meli.

Sasa, ukitaka kujua uchovu, usiende kubeba magunia. Nenda ukawashawishi watu wa Mji wa Kale. Nilipanda ngazi za nyumba zile, ngazi zilizosimama wima kama ukuta, mpaka magoti yakawa yananiitikia yenyewe. Nilikunywa kahawa chungu ya kutosha jahazi lielee. Kila nyumba ilinipokea vizuri mno. Nilitandikiwa mkeka, nikaletewa halua, nikaulizwa hali ya mama, hali ya mke, hali ya kazi. Nikamaliza maneno yangu yote ya afya, na mwenye nyumba akaweka mkono kifuani akasema, "Inshallah, kheri." Nilikuwa nateremka nikishangilia. Ilinichukua miezi kuelewa kwamba hiyo ilikuwa hapana ya watu wenye adabu.

Imamu alitusaidia baada ya sala ya Ijumaa. Mchungaji alitusaidia Jumapili. Maalimu wa chuo akaweka pipa la maji na sabuni mlangoni. Mfanyabiashara mmoja wa Biashara Street akatupa jora zima la marekani, kitambaa kizito cheupe, tukashona bango tukaandika AFYA YA MTOTO NI YETU SOTE, tukalifunga kutoka roshani hii hadi ile. Lilikuwa refu hivi kwamba mwanzo wake ulikuwa kwenye kivuli na mwisho wake kwenye jua. Nililipenda bango lile kama mtoto wangu.

Barazani, wanywa kahawa walinisubiri kila jioni kama tarabu.

"Yakhe, watwambia meli haipo?"

"Haipo."

"Nawe ndiwe wa bandarini."

"Ndimi."

"Basi jamani, tumekwisha! Bandari haina meli, na huyu kila mwezi apokea mshahara!"

Wakacheka, muuza kahawa akagonganisha vikombe vyake, nami nikacheka nao, kwani ningefanya nini. Lakini niliporudi nyumbani nilimkuta binti yangu amelala sakafuni juu ya kitabu chake, midomo imemkauka, na kwenye kucha mna chokaa.

Siku ya pili ya mizani, muhula uliofuata, niliomba ruhusa kazini. Bango lilikuwa juu, mizani ilikuwa safi, nesi alikuwa na vidonge vyake. Waliokuja ni watoto wa wenye maduka. Waliingia na fulana nyeupe zilizopigwa pasi vizuri, wakapanda, wakashuka, na mpaka saa nne kazi ikawa imekwisha. Nikamwambia nesi, hawa hawaogopi meli kwa sababu baba zao ndio wenye meli. Hakucheka. Akauliza:

"Na wako?"

Wangu alikuwa ameamka na homa. Hivyo ndivyo nilivyoambiwa na mke wangu, ambaye naye aliambiwa na pazia.

Muhula wa tatu nilizunguka tena, lakini sauti ya kufika Likoni ilikuwa haifiki tena hata kwenye kona. Nilichora hata ramani ya bandari kwa chaki barazani kuonyesha kila gati na kilichofungwa pale. Watu waliitazama kwa heshima, wakasema inshallah. Wanakamati wenzangu walipungua mmoja mmoja, huyu ana harusi, huyu ana mgeni, mpaka tukabaki mimi, mwalimu mkuu na bango, na bango nalo lilikuwa limeanza kuchanika.

Alasiri ya kuamkia siku ya mwisho ya mizani nilirudi mapema, nikakaa sebuleni bila kuvua viatu. Mke wangu alikuwa jikoni. Binti alikuwa amelala ubavuni mwangu, mwepesi hata mkeka haukujua kama yupo. Nikaanza kusema peke yangu, kwa sauti, kama mzee aliyerukwa na akili:

"Nifanye nini tena? Nimewaambia hakuna meli. Nimewachorea bandari nzima. Kesho nesi anakwenda zake, na huyu atakufa mikononi mwangu kwa ajili ya meli."

Pazia likasogea. Mama mkwe akatoka, akasimama, mtandio kichwani, macho yake ukutani, si kwangu. Niliinuka kwa haraka nusura niangushe meza.

"Kaa, mwanangu," akasema. "Nami nna haya, lakini kaa."

Nikakaa.

"Ile meli tuliisema sisi, wanawake, bombani. Hapana aliyeiamini. Aliyeiamini ni wewe."

"Sasa kwa nini hamuwaleti?"

"Mwasema wavue sare wabaki na nguo za ndani. Nguo gani za ndani? Watoto hawana. Ukimtazama na sare yake, kapendeza, mwana wa watu. Ukimvua, umevua nyumba nzima mbele ya wenziwe. Mama gani atakuja kukwambia wewe neno hilo, nawe umekaa kwake walishwa halua? Bora aseme meli."

Nilimtazama binti yangu.

"Na huyu?"

"Huyu pia. Mkeo aona haya kukwambia, asije akakuvunja moyo, wewe na mikutano yako. Na mwapachika jora zima huko juu kwenye roshani, lapigwa upepo."

Akarudi nyuma hatua moja, akashika pazia lake.

"Kamwambie nesi awapime na nguo zao, kisha aondoe uzito wa nguo. Kwani huko Kilindini kwenu, kahawa huvuliwa gunia ndipo ipimwe?"