Friza Iliyochoma Nyumba ya Mama

Baba alisema ni jiko. Alisema hivyo kabla moto haujazimika, akiwa amesimama uani na mikono nyuma, huku majirani wakipanda kutoka ziwani na maji kwenye ndoo za samaki. "Nilimwambia mwanamke huyu asiingize jiko ndani." Mimi sikuwepo. Mama ndiye aliyenisimulia kwa simu kesho yake, kwa kunong'ona, kama mtu anayesema siri ya kumwaibisha. Mwisho akaniuliza, "Nyathina, mwanangu, jiko lilikuwa nje. Nani ataniamini?"

Kwetu ni ufuoni upande wa Homa Bay, si mbali na Sindo. Mama huuza ngege, na friza ile aliinunua kwa jasho lake ili samaki wasiozee kwenye beseni siku ambazo wanunuzi hawaji. Aliinunua Migori kwa sababu mimi ninaishi Migori na nilimwambia nimepata duka zuri. Siku ya moto alikuwa kwa jirani aliyefiwa, akimenya ndizi na wanawake wenzake. Moshi ulitokea chumba cha ndani, mahali friza iliposimama. Wakati watu wanafika, dari ilikuwa imeshaanguka kitandani na mabati yamejikunja kama majani makavu. Jiko lilikuwa nje, nyuma ya nyumba, na majivu ya asubuhi yamelowa kwa manyunyu. Kila mtu alilipita akienda kuzima moto. Hakuna aliyeliona.

Mvua za masika zilikuwa zinakuja na paa halikuwepo, kwa hiyo fidia tuliihitaji. Lakini mimi nilitaka kitu kingine zaidi ya mabati. Nilitaka mtu wa duka asimame mbele ya baba aseme: ilikuwa friza. Kwa sababu baba alikuwa amempeleka mama alale kwenye kibanda cha kupikia, na watu walipokuja kutoa pole aliwaelekeza huko kwa kidole. "Msalimieni mchomaji," alisema, na baadhi yao walicheka.

Lazima niseme mimi ni mtu wa namna gani. Ni fundi wa nguo, na sikufundishwa na mtu. Nilifumua nguo kuukuu nikaona zilivyounganishwa, nikazirudishia. Kiswahili hiki pia nilijifundisha hivyo hivyo, kwa redio na vitabu vya kuazima, baada ya karo kuisha nikiwa kidato cha pili. Mtu aliyejifundisha huogopa kila wakati kwamba kuna kitu wenzake waliambiwa darasani ambacho yeye hakijui. Ninaweza kufumua kola ya sare ya shule mara nne kwa kosa ambalo mzazi wala mtoto hataliona. Mikono hutokwa jasho, kitambaa kinachafuka, nakifua, naanza upya.

Basi suala la friza nililishika hivyo. Nilienda nyumbani nikapiga picha za kila kitu: ukuta ulivyopasuka, godoro, plagi, ile friza yenyewe ikiwa imekaa kwenye masizi kama jino bovu, jiko pale nje. Nilimkataza mama asifagie. Aliishi na majivu hayo muda mrefu kwa sababu yangu, akiyakanyaga kila alipoingia kutafuta kijiko au leso, na alipokohoa nilimwambia avumilie.

Nilipopeleka malalamiko, duka lilimtuma fundi wao kwa pikipiki. Alikuwa kijana wa rika langu, mcheshi, anayetafuna chingamu. Alifungua mgongo wa friza kwa bisibisi, akachungulia, akapiga mluzi.

"Mathe, hii imejichoma yenyewe," alisema. "Ona waya. Zimeyeyuka kutoka ndani kuja nje. Moto wa jiko ungeanza na mlango wa friza."

Mama alikimbia, kweli alikimbia, na magoti yake yale mabovu, kumwita baba aje asikie. Baba alikuwa kivulini kwenye ghala na redio yake. Jibu lake tulilisikia sote.

"Siwezi kufundishwa nyumba yangu na mtoto wa bisibisi!"

Fundi alicheka. Akala ngege wawili ambao mama aliwakaanga kwa sufuria ya kuazima, akalamba vidole, akasema tutalipwa vizuri sana. Mimi nilikuwa na simu mkononi nikipiga picha za zile waya kila upande. Kurekodi sauti yake hakukunijia akilini. Jambo hilo bado hunitoa usingizini.

Mama alikuja Migori kwa ajili ya kwenda dukani. Siku moja kabla, nilimketisha kitandani kwangu nikamfanyisha mazoezi. Mama hana Kiswahili kingi. Ana cha samaki, cha kupimia na kupunguzia bei, kingine chote ni Dholuo. Mimi niliona watu wa maduka makubwa huongea Kiswahili na Kiingereza, nikaona akichanganya maneno watamdharau. Nikasimama mbele yake na futi ya kushonea shingoni.

"Usiseme 'huko kwa friza'. Sema 'nyuma ya friza'."

"Nyuma ya friza."

"Tena, tangu mwanzo. Na usitazame chini."

Alirudia hadi sauti ikakauka. Alipokosea, nilibana midomo. Nilijua ninabana midomo na sikuacha. Hatimaye akanitazama kwa utulivu akasema, kwa Dholuo, "Unaongea kama baba yako." Nilimwambia alale, kesho tutaamka mapema.

Meneja wa duka alikuwa mtu nadhifu, mwenye manukato. Aliketi kati ya televisheni zilizowashwa bila sauti. Akapokea simu yangu, akapitisha kidole kwenye picha.

"Picha ni nyingi kama za arusi," alisema. Wauzaji wake wakacheka. "Na hii friza nitajuaje ni yetu? Mizigo ya magendo inapita mpakani Sirare kila siku, ikiharibika wanatuletea sisi."

Nilimpa risiti. Aliiangalia, akairudisha, akamgeukia mama.

"Haya, mathe. Ilikuwaje?"

Mama alikunja mikono mapajani akaanza. Alisema yote, kwa mpangilio, bila kutazama chini, neno kwa neno kama nilivyompa. Meneja alimsikiliza huku akitabasamu. Alipomaliza, akamwambia, "Rudia hapo kwa plagi." Mama hakuweza kurudia hapo kwa plagi. Ilimbidi aanze tangu mwanzo, kama mtoto anayekariri aya ya Jumapili. Meneja akamwachia afike katikati.

"Mama, nani amekufundisha?"

Mama akanitazama. Hakuna kingine alichofanya, alinitazama tu, na duka zima likaangua kicheko. Muuza redio mmoja alijiinamia juu ya meza.

Nilimwomba meneja amwite fundi wake. Akaja, chingamu mdomoni, hakutusalimia.

"Ulisema ni friza," nilimwambia.

"Moto ni moto, sister. Kitu ikishaungua, huwezi jua."

"Ulikula kwetu ukasema!"

"Samaki ilikuwa tamu," alijibu. Vicheko tena.

Meneja akanyanyuka. "Msichana, wewe unaweza kuwa wakili siku moja. Lakini hii ni maneno ya boma. Nileteeni mwenye boma."

Sikutegemea baba angekubali, lakini alipoambiwa kwamba duka linamtaka yeye, na si mtu mwingine, alivaa koti lake la mazishi akaja. Meneja alimpa kiti chake mwenyewe na soda baridi. Mama na mimi tulisimama karibu na mashine za kufulia. Na hapo meneja akafungua kinywa, akamsalimia baba kwa Dholuo. Dholuo safi, cha ufuoni kwetu. Akamuuliza habari za mvua na bei ya samaki mbuta.

Nilimtazama mama. Alikuwa ameelewa kabla yangu. Mtu huyu angeweza kumuuliza kwa lugha yake tangu siku ya kwanza, naye angemjibu kwa lugha yake, akitikisa mikono kama anavyofanya akisimulia jambo la kweli. Alimwacha ajikwae kwa sababu ilimfurahisha. Na mimi ndiye niliyemchongea mawe ya kujikwaa.

Wanaume wawili hawakuchukua muda.

"Mzee, wakubwa wangu Nairobi wakisikia friza imelipuka, mimi nitafukuzwa," meneja alisema. "Lakini mteja akikosea mwenyewe, naweza kuomba msaada wa kibinadamu. Mabati, mbao, na friza nyingine."

"Basi alikosea," baba alisema, akanywa soda.

"Alikosea namna gani?"

"Wanawake na moto, utauliza namna gani? Andika jiko."

"Inatakiwa mama aseme mwenyewe. Nirekodi kidogo kwa simu."

Nilisema hapana. Nilisema kwa sauti kubwa, kwa Kiswahili, na kisha kwa Dholuo, kwamba jiko lilikuwa nje na kila mtu aliyezima moto ule alilipita. Baba hakugeuka hata. "Huyu hana mume," alimweleza meneja, "ndiyo maana ana muda."

Mama alipita mbele yangu akaenda mezani. Meneja akainua simu. Mama akasema kwa Dholuo kwamba aliacha jiko ndani ya nyumba, akaenda kwa watu waliofiwa, akasahau. Hakusita mahali popote.

Tukiwa nje, baba akiwa amebaki kuhesabiwa mabati, nilimshika mkono mama. Sijui nilitaka nini. Labda aniombe msamaha, mimi, ambaye kazi yote ilikuwa yangu. Nilimuuliza kwa nini.

Aliondoa mkono wake taratibu. "Wewe utabaki hapa Migori na cherehani yako," alisema. "Mimi ndiye ninayerudi naye kwa gari."

Paa liliezekwa kabla ya mvua. Mama alirudi kulala ndani, na baba aliacha kumwita mchomaji, kwa kuwa sasa lilikuwa jambo linalojulikana na halikuhitaji kurudiwa kwa hasira. Likawa kichekesho. Krismasi iliyopita wageni walikuja, wakwe wa ndugu yangu, na baba akalisimulia tangu mwanzo: moshi, ndoo za samaki, mke asiye na akili, na jinsi yeye alivyoingia duka kubwa la Migori akatoka na mabati. Wageni walicheka sana. Mama alikuwa amesimama mlangoni na sinia, akicheka nao.

"Na mnajua," mama aliongeza, "hata maharagwe nilikuwa nimebandika! Niliyakuta mkaa mtupu."

Hakukuwa na maharagwe. Hakuna mtu aliyewahi kutaja maharagwe. Nikasema, mbele ya wakwe, "Mama, si hivyo."

Baba aliweka bilauri chini. Mama alinitazama kama unavyomtazama mgeni aliyekanyaga mkeka na viatu.

"Nenda ulete soda," aliniambia.

Nikaenda.