Nyoka wa Kuhamishika

Bibi yangu alikataa kuhamia kijiji cha ujamaa kwa sababu ya nyoka. Hakuwa nyoka wa kawaida. Alikuwa chatu wa mzimu aliyekaa kwenye mwamba nyuma ya nyumba ya bibi, upande wa njia ya kwenda Matai, tangu enzi ambazo hakuna anayezikumbuka. Bibi ndiye aliyekuwa akimtunza, na alisema hawezi kuhama akamwacha peke yake.

Katibu tarafa, mtu wa Mbeya na mzee wa kanisa, hakuamini mizimu, ila hakutaka kuonekana akimburuta ajuza mbele ya watu. Akaniita mimi, mwalimu wa kazi za mikono pale shule ya Katandala, akaniagiza nitengeneze sanamu ya huyo chatu. Sanamu ikihamia kijijini, chatu kahama, na bibi hana neno. Kamati ya kijiji ikapiga makofi. Lakini ikaonya: bibi asipohama kabla ya mvua, nyumba itaezuliwa naye akiwemo ndani.

Nilianza kwa wazee. Mmoja alisema chatu ana pembe. Wa pili akasema ana kishungi kama jogoo, wa tatu akaapa kwamba ana rangi zote za upinde wa mvua. Nilipouliza nani amewahi kumwona, wakaniuliza nitaoa lini.

Basi nikaenda kwa bwana nyama, yule afisa wa wanyamapori, nikachunguza ngozi ya chatu halisi. Nikafinyanga udongo urefu wa mkono wangu, magamba nikiyagonga moja moja kwa kifuniko cha kalamu. Shingo nikaikunja kidogo, aonekane anasikiliza. Nikamchoma, nikampaka masizi na mafuta ya nyonyo, macho nikamtia shanga nyeusi. Pembe nilimnyima, nina msimamo. Katibu tarafa alipofunua kitambaa alirudi nyuma, kisha akajifanya anatafuta kiti. Wiki nzima nilivimba kichwa.

Tulipompeleka, nilimwamkia bibi shikamoo. Akaitikia, "Marahaba, mume wangu," kama bibi wanavyowatania wajukuu, akampokea nyoka kwa mikono miwili. Akampapasa magamba taratibu. Wajumbe wa kamati wakamuuliza kama ndiye. Akasema ndiye, hana tofauti. Wakapeana mikono, wakamwambia trekta litakuja kumchukua asubuhi, wakaenda zao.

Tulipobaki wawili nikamuuliza, kwa uchu wa sifa, kama kweli nimemfananisha.

"Nitajuaje?" akasema. "Mimi sijamwona."

Nikaudhika. Nikamuuliza mbona basi alimng'ang'ania miezi yote hiyo.

"Ningesema sitaki tu kuhama, nani angenisikiliza? Nyoka ndiye waliyemsikiliza. Sasa umewatengenezea wa kubeba, mume wangu. Mimi nitasema nini tena?"

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. Aliingia ndani kufunga vyombo vyake. Nikamfuata, nikamshikia kamba.