Kutu Ndani ya Namba

Nakumbuka asubuhi moja kule Guangzhou, Uchina, mwisho wa miaka ya tisini, mwanangu, na sipendi kuikumbuka. Nilikuwa bado msichana, nanunua vitambaa soko la Zhongda na kuvipeleka Tanga. Watanzania kadhaa tulipanga nyumba moja, na mmoja wetu alikuwa Deo wa Moshi, mtu wa utani mwingi. Tumbo lilikuwa limemvimba, macho yamekuwa ya njano. Madaktari walimwambia ini limekwisha, arudi kwao. Hakukubali. Mkewe huko nyumbani alikuwa mjamzito, na hakujua lolote.

Tumaini la Deo lilikuwa sarafu ya chuma iliyopakwa zinki, ya wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, aliyoachiwa na baba yake aliyekuwa askari Burma. Namba za mwaka zilionekana zimepigwa mara mbili. Alisikia kwamba sarafu yenye kasoro ya kiwandani hutafutwa sana. Angeiuza, apasuliwe hukohuko, apone. Nikampeleka kwa mama mmoja muuza sarafu kuukuu, maana Kichina nilikuwa nakiweza.

Yule mama aliitazama kwa lenzi, akaigeuzageuza kwenye mwanga, kisha akanipa nami nione. Kasoro ya kiwandani, alinieleza, sarafu hutoka nayo: namba zote mbili husimama vizuri, na zinki huzifunika zote. Hapa namba ya pili ilikuwa bapa, chuma kimesukumwa pembeni, zinki imebanduka na kutu imeingia. Mtu aliigonga baadaye.

Deo alikuwa akinitazama mdomo. Wenye maduka wote tuliwaita laoban, yaani bosi.

"Dada Rehema, laoban anasemaje?"

Ningeweza kumwambia twende kwa mwingine. Uongo ulikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi, nisikufiche.

"Anasema imegongwa, Deo. Haiuziki. Nenda nyumbani kwa mkeo."

Akaniambia nina roho mbaya. Hakunisemesha tena, na siku ya safari aliwaaga wote isipokuwa mimi. Niliumia sana. Mkewe alinieleza baadaye kwamba Deo alimpakata mtoto wake kabla hajafa, na kwamba jina langu hakutaka litajwe mbele yake mpaka mwisho.

Basi, mwanangu, ukitumwa neno zito kwa mtu ambaye siku zake zinakwisha, lifikishe lilivyo, kwa upole, wala usingoje shukrani. Siku zile ni zake, si zako uzitumie kumbembeleza. Mungu akupe ulimi usioogopa, na ukichukiwa kwa sababu hiyo, akupe usingizi.