Nahodha Asiyetoka Kabini

Fundi Pampu alikuwa mtu wa kusikiliza injini kabla ya kukusalimia. Umletee gari, akuache mkono umening'inia, atege sikio kwenye boneti, kisha ndipo akwambie, "Nozeli ya tatu hiyo. Habari za nyumbani?" Miaka thelathini alitengeneza pampu za dizeli, na mtaani walisema hajawahi kudanganya mtu wala injini. Hilo la mtu sina ubishi nalo. Hilo la injini, ngoja nikusimulie.

Kila Jumapili mchana, karakana ikishafungwa, benchi lilifutwa mafuta, likatandikwa magazeti, watu wazima wanne wakakaa kucheza. Ndiyo, kucheza! Na ndevu zao. Mchezo wenyewe ulitaka karatasi, penseli na dadu moja. Kila mchezaji ana mtu wake wa kubuni, kamwandika kwenye karatasi: jina, ujuzi, udhaifu. Fundi ndiye msimulizi. Yeye anaeleza kinachotokea, wenzake wanasema watu wao wanafanya nini, na penye hatari dadu inaamua. Nchi yao ilikuwa ya majivu na moshi, ambako wachawi hufungia majini ndani ya silinda, na meli za chuma hutembea nchi kavu kwa miguu sita, zikinywa dizeli pipa kwa pipa.

Aliyeuanzisha alikuwa mkewe, mshonaji nguo, mwanamke mwenye ulimi mkali na kicheko cha kushtua mtaa. Sheria zote zilikuwa zake: dadu hutupwa mbele ya wote, ikianguka sakafuni inahesabiwa ilivyolala, na mtu akifa mchezoni, karatasi yake inachanwa hapo hapo. "Hapa hakuna kubembelezana," alikuwa akisema. Yeye alicheza Nahodha Mkaidi, mwenye meli iitwayo Kifaru, na injini ilipowaka aliiunguruma kwa midomo mpaka mate yakamrukia Mwalimu, jirani yao, aliyekaa mbele yake.

Sasa ni mwaka wa pili tangu azikwe. Karatasi yake ipo bado, mwandiko wa penseli na doa la chai pembeni. Ila tangu msiba ule Nahodha hajatoka kabini. Kila Jumapili Fundi alikuja na sababu mpya. Mara ana homa, mara anachora ramani, mara kalala jamani, mwacheni. Mwalimu alijua, na Chomelea, mchomeleaji wa geti la pili, alijua. Wote wakala jiwe, wasilitaje. Nani angeanza?

Jumapili hiyo Kifaru iliishiwa mafuta katikati ya jangwa la majivu, mbwa wa moto wakiinyemelea. Mtu wa Chomelea alihangaika, akaleta pipa, akajaza tanki. Fundi akakohoa kidogo. "Basi injini ikawaka, meli ikaondoka."

Chomelea akaweka penseli chini. "Ikawaka?"

"Ikawaka."

"Fundi, tanki lilikauka kau. Hewa imeingia mpaka kwenye nozeli. Imewakaje?"

Loo! Hilo la kuulizwa Fundi Pampu? Dizeli ikikauka, hata ujaze tanki mpaka limwagike, injini haiwaki mpaka uitoe hewa. Unalegeza nati ya pampu, unapampu kwa mkono, povu linatoka, unaendelea mpaka yaje mafuta matupu, ndipo unakaza. Amewahi kumfukuza mtu kazi kwa kusahau hilo. Masikio yalimwaka moto, maana yeye hakusahau. Kwenye Kifaru kuna mmoja tu aliyeandikwa ujuzi wa injini, na huyo yuko kabini.

Binti yake, aliyecheza mpishi wa meli, alimgeukia. "Baba, mama hakuwa mtu wa kukaa kabini."

"Akishuka kwenye injini, jini la silinda litakuwa halijafungwa vizuri, maana injini imezimika," Fundi akasema. "Dadu ikija moja au mbili, linamchukua, anakufa."

"Najua. Nipe karatasi."

Akampa. Mkono ulichelewa kuachia, lakini akampa.

"Nahodha anaamka," binti akasema, kidevu juu. "Anauliza, ni bwege gani kaacha tanki likauke?"

Wakacheka wote, Fundi naye, kwa sababu ilikuwa sauti ya marehemu kabisa. Nahodha akashuka kwenye injini, akalegeza nati, akaanza kupampu. Binti akatupa dadu. Ikagonga spana, ikaruka, ikaingia chini ya benchi.

"Acha, nitaiangalia mimi," Fundi akasema, akapiga magoti.

Ilikuwa karibu na beseni la mafuta machafu. Nukta moja juu. Huko chini hakuna aliyeona isipokuwa yeye, na kidole kimoja kingetosha kuigeuza. Alikaa pale, magoti yakimuuma. Alimkumbuka mkewe. Mwaka wa pili huu amemfungia mwanamke yule kabini, akimuuguza homa asiyokuwa nayo. Angemwambia nini leo?

"Baba, imekuja ngapi?"

"Moja," akasema, akiwa bado chini.

Alipoinuka hakuna aliyemtazama usoni. Akashika karatasi upande mmoja, binti akashika wa pili, wakaichana kama sheria ilivyotaka. Ilichanika kirahisi, ilikuwa imechakaa.

Kisha binti akafuta macho kwa kiganja. "Swali kwa msimulizi. Jini lilipomchukua, povu lilikuwa limeisha?"

Fundi akafikiri kama anavyofikiri juu ya injini ya mteja, bila haraka. "Limeisha. Nati aliikaza kwanza. Unamjua, hawezi kuacha kazi nusu."

"Kwa hiyo inawaka."

"Inawaka."

"Basi iwashe, Baba."

Fundi akawatazama mmoja mmoja. Akakutanisha midomo, akaunguruma. Ilianza kwa kukatakata na kukohoa, kama dizeli inapomaliza hewa ya mwisho, kisha ikashika, ikatulia, ikaenda. Mate yakamrukia Mwalimu, na Mwalimu hakujifuta.